Ufadhili wa Ufaulu: Tuulize Kabla ya Kushangilia

*Mada iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Elimu katika hafla ya mwaka ya changizo, Dar es Salaam*



Nimepewa dakika kumi na tano kabla ya chakula, na ninajua hatari ya kusimama kati ya Mpare na makande yake. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo nililotumwa, nalo ni ufadhili wa masomo unaotolewa na vyuo vikuu binafsi kwa wanafunzi waliofaulu vizuri. Upo? Unapatikanaje? Na kwa nini familia nyingi za kwetu husikia habari zake wakati dirisha limekwisha kufungwa, au hujua masharti yake mtoto akiwa ameshaingia mwaka wa pili?

Tukumbushane tulikotoka. Hadi katikati ya miaka ya 1990, chuo kikuu katika nchi hii kilikuwa ni cha serikali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1995 ndiyo yaliyofungua mlango kwa mashirika ya dini na watu binafsi. Leo tuna watoto Mtakatifu Augustino kule Mwanza, Tumaini Makumira, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na kwingineko. Hili ni jambo la heri, maana nafasi za vyuo vya serikali peke yake zisingetutosha. Lakini chuo binafsi huendeshwa zaidi kwa ada. Mishahara ya walimu, umeme, maabara, vyote vinatoka humo. Chuo kinapomwambia mtoto "tumekupa ufadhili", mara nyingi hakuna mfuko wa fedha uliowekwa pembeni. Kinachotolewa ni punguzo la ada, na pengo lake linazibwa na ada za wenzake au na mfadhili fulani. Ndiyo maana nafasi huwa chache, na ndiyo maana masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Si dhambi. Ila mzazi anatakiwa alijue hilo mapema.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme ada ni milioni 2 kwa mwaka, na kozi ni ya miaka 3. Jumla ni milioni 6. Chuo kinatangaza ufadhili wa nusu ya ada. Baba kule nyumbani anapiga hesabu: nusu ya milioni 6 ni milioni 3, hiyo naiweza, nitauza tangawizi. Kumbe nusu hiyo ni ya mwaka wa kwanza tu. Atakacholipa ni milioni 5. Tena hapo hatujagusa usajili, mitihani, bima ya afya, chumba, chakula na nauli. Neno "nusu" halikuwa uongo. Lilikosa tu maneno matatu mbele yake: "mwaka wa kwanza".

Niwape mfano ulioifikia kamati yetu. Chuo sitakitaja, na binti sitamtaja, kwa sababu bado anatafuta haki yake ya kurudi darasani. Binti huyu anatoka milimani kwetu. Alipata daraja la kwanza kidato cha sita, akapokea barua ya pongezi yenye ufadhili wa nusu ya ada. Kijiji kilifurahi, na kanisani akaombewa. Mwaka wa kwanza alimaliza akiwa na wastani wa 3.8 katika kipimo cha 5. Wanaofahamu mambo ya vyuo wanajua kwamba kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Si mtoto mzembe huyo. Mwaka wa pili ulipofunguliwa, akakuta anadaiwa ada kamili. Alipouliza, akaambiwa sharti la kuendelea na ufadhili ni wastani wa 4.0. Sharti hilo halikuwamo katika barua yake. Alikuwa na wiki mbili za kusajiliwa. Wazazi wakahangaika, sisi tukatoa tulichokuwa nacho, hakikutosha. Ameahirisha mwaka. Hivi tunavyozungumza yuko nyumbani.

Ndugu zangu, kuna mzaha wanaotutania wenzetu wa mikoa mingine, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka nao. Lakini ndani ya mzaha huo kuna sifa: Mpare hapendi kutozwa au kunyimwa kitu bila kuelezwa sababu. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka Same kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru. Juu ya uzito wa kodi yenyewe, kiasi cha kila mtu kilitokana na makadirio ya mali yake, na jirani alimshangaa jirani: wewe umekadiriwaje hivi na mimi vile? Baadaye akina mama nao wakajitokeza, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Wajukuu wa watu wale hawapaswi kupokea barua ya ufadhili wakaikunja na kuiweka mfukoni bila kuuliza swali hata moja.

Basi, haya ndiyo maswali ambayo kamati inashauri kila mzazi na kila kijana ayaulize, kwa maandishi, na adai majibu kwa maandishi:

Kwanza, nafasi za ufadhili ni ngapi mwaka huu, na ni kwa kozi zipi? Tangazo lisilo na idadi ni kama mnada usiosema kinachouzwa.

Pili, kigezo ni nini hasa? Ni pointi za kidato cha sita? Ni pointi ngapi, na katika masomo gani? Na aliyepitia stashahada anapimwaje?

Tatu, ni asilimia ya nini? Ada ya masomo peke yake, au pamoja na michango mingine?

Nne, ni kwa mwaka mmoja au kwa kozi nzima? Ili kuendelea anahitaji wastani wa kiasi gani? Mkiambiwa 4.4, mjue mnaambiwa daraja la kwanza, na wanaolifikia ni wachache. Na je, akiteleza muhula mmoja, anapewa nafasi ya kujirekebisha?

Tano, ukiwa na ufadhili huu unaruhusiwa kupata pia mkopo wa Bodi ya Mikopo, au kimoja kinafuta kingine?

Sita, nani anaamua, na asiyeridhika anakata rufaa wapi?

Kuna swali la saba ambalo ni la wakati: majibu yanatoka lini? Mnajua kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe chuo kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kama majibu ya ufadhili yanakuja baada ya tarehe hiyo, amechagua chuo gizani. Aombe jibu kabla ya kuthibitisha, na asipolipata, afanye mahesabu yake kana kwamba ufadhili haupo.

Wapo watakaosema: vyuo havitakubali kuulizwa hivyo. Mimi nasema vitakubali, kwa sababu mfano upo nchini. Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo wake kila mwaka, hutaja sifa za mwombaji, na hufungua dirisha la rufaa. Ufadhili unaojulikana kwa jina la Rais Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, umeeleza wazi unamlenga nani: waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita na kudahiliwa katika sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Unaweza kuvilalamikia vyombo hivi kwa mengine, lakini huwezi kusema hukujua mlango uko wapi. Chuo binafsi kinachoomba watoto wetu na ada zetu kinaweza kuchapisha ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali haya. Na kitakachofanya hivyo, kamati itakipeleka jina lake katika shule zote za sekondari za wilaya zetu mbili, bure. Hiyo nayo ni biashara kwao.

Naomba pia tusisahau upande wa pili wa neno "ufaulu". Mtoto aliyesoma shule yenye maabara, walimu kamili wa fizikia na umeme wa uhakika akipata pointi 5, amefaulu. Mtoto wa shule ya kata aliyesomea kibatari na kusubiri mwalimu wa hisabati miezi sita, akipata pointi 9, naye amefaulu, na wote wawili ni daraja la kwanza. Ufadhili unaopanga foleni kwa pointi peke yake utamchukua wa kwanza kila siku. Ndiyo maana mfuko wetu wa elimu una kazi ambayo chuo hakiifanyi.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwageuzia kioo. Hatuwezi kudai uwazi Mwanza, Arusha na Morogoro halafu mfuko wetu wenyewe tukauendesha kwa simu na kujuana. Minong'ono nimeisikia kama mlivyoisikia: kwamba ukiwa na mjomba kwenye kamati, mwanao anapita. Minong'ono haimalizwi kwa kukasirika. Inamalizwa kwa karatasi. Kwa hiyo kamati inaleta kwenu mapendekezo manne.

Mosi, vigezo viandikwe na vibandikwe kwenye ofisi za kata, makanisani na misikitini kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka. Ufaulu ufungue mlango, uhitaji upange foleni.

Pili, mjumbe ambaye ndugu yake ameomba, atoke nje wakati jina hilo linajadiliwa, na muhtasari uandike kwamba alitoka.

Tatu, kila mwaka katika kijitabu hiki tuchapishe idadi ya walioomba, waliopata, kiasi kilichotolewa, na mgawanyo kwa kata. Majina na dhiki za familia zibaki siri. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata isingekuwapo, heshima ya mzazi ingetosha.

Nne, tusimpokee mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla ya kutenga fedha za miaka yake yote. Afadhali kusomesha watano hadi mahafali kuliko kumi hadi njia panda.

Pendekezo hili la nne ndilo gumu, kwa sababu linahitaji fedha iwepo mkononi kabla ya ahadi. Ndiyo sababu ya bahasha zilizoko mezani kwenu. Kila bahasha ina fomu ndogo. Unaweza kutoa leo, au ukaahidi kiasi kwa kila mwezi kwa miaka mitatu, muda uleule wa kozi. Elfu ishirini inayofika kila mwezi ina faida kubwa kwetu kuliko laki tano inayotajwa kwenye kipaza sauti na kusahaulika ifikapo Jumatatu.

Wa kwanza katika orodha ya mwaka huu ni yule binti mwenye 3.8. Vigezo vyote anavitimiza, na fomu yake imepitiwa na wajumbe wasio na undugu naye. Chuo kitafungua muhula, na jina lake ama litakuwa kwenye orodha ya darasa, ama halitakuwapo. Hilo sasa liko mezani kwenu.

Mwenyekiti, nimemaliza ndani ya muda, na makande bado ni ya moto.