Kumtumaini Mungu Pamoja Nyumbani

  Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulitaka sana, lakini hawajui walianzie wapi. Jambo lenyewe ni hili: watu wa nyumba moja wawezaje kujifunza kumtumaini Mungu pamoja?

Kwanza nataka kusema wazi kwamba mimi si sheikh, wala si padre, wala si mchungaji. Kazi yangu ni elimu. Mambo ya ibada hufundishwa na wenye kazi hiyo, msikitini na kanisani. Mimi nitaeleza upande wa mwalimu tu, yaani mtoto hujifunza tumaini kwa njia gani. Maana tumaini nalo hufundishwa, kama vile kulima na kusoma, na shule yake ya kwanza ni nyumbani.

Wazazi wengi hufikiri kwamba mtoto akiisha kujua sala zake kwa moyo, kazi imekwisha. Kujua sala ni jambo jema sana. Lakini tumaini hujulikana siku ya shida, na siku hiyo mtoto huwatazama wakubwa. Akiwaona wananong'ona chumbani, kisha wananyamaza yeye anapoingia, hujifunza hofu. Akiwaona wamekaa bure wakisema, "Mungu atajua," hujifunza uvivu. Akiwaona wanasema kweli, wanaomba, kisha wanashika kazi, hapo ndipo anapojifunza kumtumaini Mungu.

Natuchukue mfano. Katika mkoa wa Dodoma, mvua kwa kawaida hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Ikikatika mwezi wa Februari, mahindi yanapotoa mbelewele, mavuno huharibika, na hakuna msimu wa pili wa kutengeneza mambo. Sasa fikiri nyumba moja ya huko: baba, mama, bibi na watoto wanne. Mvua imekatika. Baba anajua kwamba chakula hakitatosha. Mama anajua. Bibi anajua zaidi yao, kwa kuwa ameona njaa nyingi. Watoto hawajaambiwa neno. Je, mnadhani hawajui? Wanajua. Wameona kwamba kipimo cha unga kimepungua. Ila hawajui la kufanya na hofu yao, kwa sababu hakuna aliyewapa ruhusa ya kuisema.

Nyumba kama hiyo itaanzia wapi? Napenda ianze na kisa ambacho Waislamu na Wakristo wote wanacho, nacho ni kisa cha Yusufu. Waislamu watakikuta katika Kurani, sura ya 12. Wakristo watakikuta katika kitabu cha Mwanzo, kuanzia mlango wa 37. Nakichagua kwa sababu ni kisa cha nyumba moja iliyopatwa na mambo mawili yanayotupata na sisi, yaani msiba na njaa. Tutapata mafunzo manne ndani yake.

Funzo la kwanza: Semeni kweli, wala msione haya kuhuzunika.

Yakobo, ambaye Waislamu humwita Yaakubu, alipompoteza mwanawe Yusufu, alilia. Katika Mwanzo twasoma kwamba alirarua nguo zake na kukataa kufarijiwa. Katika Kurani twasoma kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na kwamba alimpelekea Mungu masikitiko yake. Basi mtu huyu, aliyekuwa mkuu katika imani, hakujificha alipolia. Kulia si kukosa imani.

Kwa hiyo baba wa Dodoma awaite watoto jioni, aseme, "Wanangu, mvua imekatika. Mwaka huu tutavuna kidogo. Mimi na mama yenu tuna wasiwasi, lakini tutafanya kazi, na tutamwomba Mungu. Nanyi mtatusaidia." Maneno hayo ni machache. Mtoto wa miaka 7 huyaelewa. Hayamwongezei mzigo, bali humpunguzia, kwa kuwa hofu aliyokuwa nayo peke yake sasa ni ya nyumba nzima.

Funzo la pili: Fanyeni sehemu yenu.

Yusufu alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri, alieleza kwamba itakuja miaka 7 ya shibe, kisha miaka 7 ya njaa. Hakuwaambia watu wakae wakingoja. Katika Mwanzo alishauri kwamba sehemu moja katika tano ya mavuno iwekwe akiba. Katika Kurani alishauri kwamba nafaka ibaki katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Tazameni, mtu anayemtumaini Mungu ndiye aliyejenga ghala.

Na baba yake vilevile. Kurani yasimulia kwamba alipowatuma wanawe Misri, aliwashauri wasiingie wote kwa mlango mmoja, ila kwa milango mbalimbali. Na palepale akasema kwamba tegemeo lake ni kwa Mungu. Alishika yote mawili, hadhari na tumaini.

Basi na sisi tufanye hesabu. Nyumba inayokula kilo 2 za unga kwa siku itahitaji kilo 730 kwa mwaka. Yaani magunia 7 ya kilo 100, na zaidi kidogo. Mpe kalamu mtoto aliyefika darasa la 4 aifanye hesabu hiyo mbele ya wote. Mkiona kwamba mna magunia 4 tu, mtajua mapema kwamba yatawafikisha siku 200. Mtatafuta njia nyingine kabla njaa haijaingia mlangoni. Mwaka ujao mtapanda mtama au uwele katika sehemu ya shamba, kwa kuwa mazao hayo huvumilia ukame kuliko mahindi.

Na hicho kidogo mlichovuna kisiharibike. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, mtie mahindi na chumvi kavu kidogo, mtikise kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, hayana budi kuanikwa tena. Yakikauka, yawekeni katika chombo au mfuko usiopitisha hewa, na dumuzi watakufa kwa kukosa hewa. Kazi hiyo ifanywe pamoja na watoto. Mtoto anayetikisa chupa, na jioni akasikia mama yake anamshukuru Mungu kwa akiba ile ile, hawezi kufikiri kwamba kumtumaini Mungu ni kukaa bure.

Tena neno hili ni kubwa zaidi mtoto anapougua. Akishikwa na homa, mwombeeni, na mmpeleke zahanati upesi, saa 24 zisipite. Msichague moja na kuacha la pili. Wako wazazi waliongoja nyumbani wakidhani kwamba kwenda kwa mganga wa hospitali ni kumkosea Mungu imani, wakampoteza mtoto. Wazee wetu walisema, "Jisaidie, Mungu akusaidie." Kumpeleka mtoto kutibiwa ni sehemu ya kutumaini.

Funzo la tatu: Usimwahidie mtoto kwa jina la Mungu.

Hapa wazazi wengi hukosea, tena kwa mapenzi. Bibi ni mgonjwa sana. Mtoto analia. Mama kwa huruma anamwambia, "Omba sana mwanangu, na bibi atapona." Mtoto anaomba kila usiku. Baada ya wiki mbili bibi anafariki. Sasa mtoto yule atafikiri nini? Ama atafikiri kwamba Mungu hasikii, ama kwamba yeye mwenyewe hakuomba vizuri, na kwamba bibi amekufa kwa ajili ya kosa lake. Huenda akalichukua wazo hilo kimya kimya kwa miaka mingi.

Mama angeweza kusema hivi: "Bibi anaumwa sana. Tunaomba apone, na tumemleta hospitali. Hatujui kama atapona. Lakini lolote litakalotokea, Mungu hatatuacha, na mimi na wewe tutakuwa pamoja." Maneno hayo ni ya kweli leo, na yatakuwa ya kweli hata baada ya mazishi. Mtoto akiuliza, "Mama, kwa nini Mungu hakumponya?" si lazima ujibu kila kitu. Waweza kusema, "Sijui, mwanangu. Mimi pia nimeuliza." Halafu mkae pamoja.

Mkumbuke muda aliongoja Yakobo. Kwa hesabu ya kitabu cha Mwanzo, Yusufu alikuwa na miaka 17 mambo yale yalipoanza, na miaka 30 aliposimama mbele ya mfalme. Zikapita shibe ya miaka 7 na njaa ya miaka 2 kabla baba hajapata habari zake. Jumla ni miaka kiasi cha 22. Miaka hiyo yote alikaa bila kuona jibu. Hata hivyo, Kurani yaeleza kwamba aliwatuma wanawe wakamtafute Yusufu, akawakataza kukata tamaa. Watoto wetu wajue kwamba kungoja ni sehemu ya tumaini, na kwamba kuchelewa si kukataliwa.

Na tuache pia kumtumia Mungu kama fimbo. Mtoto akimwaga maziwa, huambiwa, "Mungu atakuchoma!" Mtoto aliyefundishwa kumkimbia Mungu kwa maziwa yaliyomwagika, siku ya msiba mkubwa atamkimbilia vipi?

Funzo la nne: Kaeni pamoja, na mkumbuke.

Tumaini hulishwa na kumbukumbu. Chagueni robo saa kila siku, labda baada ya chakula cha jioni. Redio izimwe, na simu ziwekwe kando. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aseme jambo moja linalomtia wasiwasi, na jambo moja la kushukuru. Asikemewe wala asichekwe. Kisha mwombe, kila nyumba kwa desturi ya dini yake, maneno machache, asinzie mtu. Mwisho mwulizane, "Kesho tutafanya nini juu ya jambo hili?"

Na wazee wasikose. Bibi asimulie njaa aliyoiona alipokuwa msichana: walikula nini, jirani gani aliwapa debe la mtama, na walivukaje. Mtoto akijua kwamba watu wa nyumba yake wamekwisha kuvuka mahali pagumu zaidi, hupata nguvu. Akisikia kwamba msaada ulikuja kwa mkono wa jirani, atajua pia kwamba siku moja mkono huo waweza kuwa wake.

Baba mmoja ataniambia, "Bwana, mimi nyumbani sina nafasi. Hufika usiku, watoto wamelala." Namjibu kwamba aanze na siku moja katika juma. Lakini siku hiyo aliyoahidi, aitimize. Maana mtoto hujifunza kwanza kuamini neno la baba na mama, na juu ya msingi huo hujenga imani yake kwa Mungu. Mzazi anayeahidi na kusahau, kila mara, anaubomoa msingi huo.

Wasikilizaji wapenzi, mnamo mwaka 1973, hapa Tanzania, watu kiasi cha milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sababu ya kufaulu kwao ilikuwa hiyo: somo halikuishia masikioni. Basi na somo letu tulifanye vivyo hivyo. Haya ndiyo maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Ni shida gani katika nyumba zetu ambayo watoto wanaijua, lakini hatujawahi kuwaambia?

2. Chakula kilichomo ghalani kitatufikisha siku ngapi? Fanyeni hesabu.

3. Mtoto akiuliza kwa nini Mungu hakujibu ombi lake, utamwambia nini? Kila mtu ajibu kwa maneno yake mwenyewe.

4. Ni saa gani inayowezekana kwenu kukaa pamoja, nanyi mtaanza siku gani?

Swali la 4 lijibiwe kwa kutaja siku yenyewe, si kwa kusema "tutaona." Mtakapokutana tena, kila mmoja awaeleze wenzake yaliyotokea nyumbani kwake, hata kama watoto walisinzia, hata kama ilikuwa dakika 5 tu.

Kwaherini, na Mungu azibariki nyumba zenu.