Wimbo Unaanza Lini?

Mhadhara wa umma uliotolewa Bukene, Mkoa wa Tabora



Mlizosikia sasa hivi ni fidla nne, na zote nne kazipiga mtu mmoja, Paul Zukofsky, katika rekodi iliyotoka Marekani mwaka 1969. Mtunzi ni Steve Reich. Kazi yenyewe inaitwa Violin Phase, aliitunga mwaka 1967. Nimewawekea makusudi bila maelezo, nikakaa kuwatazama. Wengine mmetoa simu. Akina mama upande wa kushoto mmeanza kutikisa vichwa taratibu. Na mzee wetu wa safu ya mbele akauliza, ukumbi mzima ukacheka: "Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?"

Msimcheke. Swali hilo ndilo mhadhara wangu wa leo.

Tuanze na kilichomo ndani ya rekodi. Fidla ya kwanza inapiga kipande kifupi cha mapigo 12, inakirudia, inakirudia tena. Ya pili inaingia na kipande hichohicho, kisha inaongeza mwendo kidogo sana mpaka inaitangulia ya kwanza, halafu inatulia hapo. Ya tatu nayo inafuata mkondo huo. Hakuna ubeti mpya, hakuna mahali ambapo muziki unapanda mlima na kushuka. Ni hivyo tu hadi mwisho.

Watu wamelipokea jambo hili kila mmoja kwa namna yake. Mwaka 1973, kazi nyingine ya Reich, Four Organs, ilipopigwa Carnegie Hall mjini New York, baadhi ya wasikilizaji walipiga kelele ili wapigaji wanyamaze. Kwa upande mwingine, Mbelgiji Anne Teresa De Keersmaeker aliisikia Violin Phase akaona kuna mahali pa kuweka miguu: ngoma aliyoitungia, akiicheza peke yake huku akizunguka duara, imo katika onyesho lake la mwaka 1982, Fase. Wapo pia wanaosema muziki wa namna hii unawatuliza, wanausikiliza wakisoma au wakitafuta usingizi. Hao nawaacha, muziki wowote ukipunguzwa sauti utamlaza mtu.

Mimi nadhani waliopiga kelele New York na mzee wetu hapa hawalalamikii kitu kimoja. Wale walitaka watoke. Mzee anataka aingie.

Katika nchi hii ya Unyamwezi na Usukuma, marudio ni mali ya watu wenye kazi mikononi. Wapagazi waliotoka hapa kwenda pwani na pembe za ndovu mabegani waliimba njiani, mmoja akianzisha na wengine wakijibu, siku baada ya siku. Wakulima wa bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mapigo yaleyale, na hakuna anayelalamika kwamba wimbo haubadiliki, kwa sababu anayebadilika ni shamba: tuta moja limekwisha, jingine limeanza. Manju anaporudia mstari hajaishiwa maneno. Anawasubiri nyinyi mwitikie. Mtu aliyelelewa hivyo, akisikia kipande kinarudiwa mara ya kumi na hakuna aliyeitikia, ni haki yake kuuliza wimbo unaanza lini.

Sasa twendeni Buganda, maana huko ndiko jibu linapoonekana kwa macho. Amadinda ni marimba ya mbao 12 zilizolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, na pigo la huyu linaingia katikati ya mapigo ya yule, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kujua hili ni la nani. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza kila pigo linaloangukia mbao mbili za chini kabisa, kisha kulirudia huko juu. Anapiga kile ambacho wenzake wamekizaa wawili bila mmoja wao kukipiga peke yake.

Gerhard Kubik wa Vienna alijifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji aliyewahi kutumikia jumba la Kabaka. Mwaka 1962 Kubik aliandika juu ya jambo hili: katika muziki wa namna hii, msikilizaji anasikia midundo ambayo hakuna mkono wowote ulioipiga. Sikio ndilo linaloipanga, likikusanya sauti za chini upande huu na za juu upande ule.

Rudini sasa kwenye fidla zetu. Ile ya nne inafanya nini? Fidla tatu zikishapishana, vinazuka vipande vidogo ambavyo hakuna aliyeviandikia fidla yoyote. Fidla ya nne inakidaka kimojawapo, inakipiga taratibu, inakipandisha sauti, kisha inakiachia kizame tena. Kwa Kiganda ni omukoonezi kamili.

Naona baadhi yenu mmeanza kutabasamu, mkitaka niseme wametuibia. Sisemi. Reich alikuwa amesoma kitabu cha A. M. Jones juu ya muziki wa Afrika, lakini safari yake ya kujifunza ngoma ilikuwa ya Ghana, mwaka 1970, miaka mitatu baada ya kuitunga kazi hii. Anayetafuta mkono wa Afrika Mashariki kwenye fidla amsikilize Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye utunzi wake umo katika santuri ya Kronos Quartet ya mwaka 1992, Pieces of Africa. Huyo alijua alichokuwa anakibeba.

Kwa hiyo, mzee wangu, wimbo ulikuwa umekwisha kuanza, ila nafasi yako alikuwa ameikalia mtu mwingine. Omukoonezi wa Zukofsky ni Zukofsky mwenyewe, na rekodi haina pengo la kukungoja. Huo ndio upungufu wake, nami siutetei.

Nina ombi kwa walimu na vijana wa hapa Bukene wenye simu za kurekodi. Mnapokwenda kumrekodi manju, msimwite chumbani peke yake ili sauti itoke safi. Mwacheni aimbe na watu wake, na simu moja ielekezeni kwa waitikiaji.