Mamlaka Yanayodhibitiana: Hotuba ya Mahafali kwa Wahitimu wa Sheria



Katiba, yaani sheria kuu inayozipa sheria nyingine zote uhalali wake, haianzi siku inapotiwa saini, bali huanzia katika madhila ambayo wananchi wameazimia yasijirudie. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yathibitisha hilo.

Katiba ya uhuru, iliyojadiliwa Lancaster House jijini London na kuanza kutumika mwaka 1963, iliyagawa mamlaka kati ya serikali kuu na majimbo, ikaweka na Bunge la mabaraza mawili. Lakini marekebisho yaliyofuatana yaliyavunja majimbo, yakaiondoa Seneti mwaka 1966, yakaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, na mwaka 1988 yakawaondolea majaji ulinzi wa kazi, yaani kinga inayomzuia mtawala kumfukuza jaji kwa hukumu isiyompendeza. Marekebisho hayo yalipitishwa bungeni, kifungu baada ya kifungu, wala hapakuhitajika bunduki ili mamlaka yarundikane mahali pamoja.

Ulinzi wa majaji ulirejeshwa mwaka 1990 na vyama vingi mwaka 1991, ilhali rasimu ya katiba ya mwaka 2005 ilikataliwa na wapiga kura, hadi umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ulipodhihirisha gharama ya taasisi zisizoaminika. Katiba iliyoidhinishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 iliirudisha Seneti, ikaunda kaunti 47, na ikaelekeza kwamba Rais awateue majaji kwa pendekezo la Tume ya Huduma za Mahakama. Huko ndiko kudhibitiana kwa mihimili ya dola: Bunge, Serikali na Mahakama kila mmoja una kazi yake, na kila mmoja una uwezo wa kuuzuia mwingine unapovuka mpaka. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba.

Wahitimu wa leo watakuwa mawakili, mahakimu na waandishi wa miswada, na baadhi yao wataletewa marekebisho yanayoonekana madogo na yenye nia njema. Wajibu wao ni kuuliza, kabla ya kalamu kugusa karatasi, ni nani atakayebaki na uwezo wa kumwambia mtawala hapana. Wahitimu na wapongezwe, na swali hilo waliulize hata pale mtawala anapokuwa mtu wanayempenda.