Jina Halisafishwi kwa Kufuta

*MANENO YA UONGOZI WA TAWI, MKUTANO WA JUMAPILI*
_Tunayatuma kama yalivyosemwa, kwa wanachama waliokuwa shamba, safarini au msibani._

Ndugu wanachama,

  

Ajenda ya tatu ni majina yetu mtandaoni: ukurasa wa tawi, akaunti zenu na blogu za wale wanaoandika. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Wote mnaikumbuka ile picha ya mlango wa zahanati uliofungwa. Tuliipokea saa tatu asubuhi. Papo hapo tukaandika kwamba muuguzi amefunga kazi na kwenda kwenye biashara zake, tukaiweka kwenye ukurasa wa tawi. Hatukupiga simu. Hatukwenda mlangoni, na ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka ofisini kwetu. Kumbe muuguzi alikuwa amemsindikiza mama mjamzito hospitali ya wilaya, na tangazo alikuwa amelibandika dirishani, upande ambao picha haikuonyesha. Tuligundua saa sita mchana. Tukafuta, tukakaa kimya, tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Picha ilikuwa imeshahamia kwenye magrupu ya kata, likiwemo la wazazi wa shule anayosoma mwanawe. Wiki mbili baadaye bado alikuwa anaulizwa sokoni kuhusu biashara ambayo hana. Na sisi tulipoitisha kikao cha wananchi juu ya upungufu wa dawa, ambao ni wa kweli, mzee mmoja alisimama akauliza: "Hilo nalo mmelithibitisha, au mtalifuta kesho?" Hatukuwa na jibu. Hoja ya dawa ikafia pale pale, na anayeumia ni mgonjwa.

Tumekwenda kwa muuguzi kuomba radhi, mwenyekiti, katibu na mwenezi. Alitupokea vizuri. Alisema hataki zawadi yoyote. Anataka maneno ya kweli yafike kule kule uongo ulikofika. Ndiyo maana leo tunazungumza.

Ndugu wanachama, kufuta hakurudishi kitu. Status ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, lakini aliyepiga skrinishoti anayo. Ukurasa wa blogu unaweza kuuondoa, lakini Internet Archive ya Marekani imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996, na huenda wako umo. Anayefuta kimyakimya anabaki na kosa lile lile, na juu yake anaongeza la kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua.

Wapo vijana wetu wanaojiandaa kuomba ridhaa ya wanachama, nao wametuuliza kama wasafishe akaunti zao kabla ya fomu kutoka. Jibu letu lina sehemu mbili. Picha za watoto, namba za simu za watu, mambo ya ndani ya familia: futa leo, usingoje fomu. Lakini kama ulimtuhumu mtu kwa jambo lisilo la kweli, au ulimtukana, usifute ukajifanya hukusema. Rudi pale pale, andika ulikosea nini, ukweli ni upi, na tarehe. Mpiga kura anamwelewa mtu aliyekosea akakiri. Asiyemwelewa ni yule anayekana huku skrinishoti iko mkononi.

Kwa wanaoandika blogu, tunawapongeza. Kazi hii haikuanza jana. Ndesanjo Macha aliandika Jikomboe kwa Kiswahili miaka ya mwanzo kabisa ya blogu zetu, na Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, akaifanya blogu yake ijulikane nchi nzima. Wote wawili waliandika kwa majina yao. Nanyi andikeni kwa majina yenu. Semeni wazi kwamba ninyi ni wanachama na kwamba maoni ni yenu, si ya tawi. Mkisahihisha makala, acheni ile ya zamani mahali pake na sahihisho liwe juu kabisa, ili asomaye aanze nalo. Na anayetaka kuandika habari aulize kwanza TCRA kuhusu leseni, kwa sababu kanuni za maudhui ya mtandaoni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu zile za 2018.

Jambo dogo, ila linatuaibisha: ukiweka bendera ya chama kwenye picha ya akaunti yako, halafu usiku ukawatukana mashabiki wa Simba au Yanga, asubuhi wanaosemwa ni tawi zima. Chagua moja.

Baada ya majadiliano, mkutano umeazimia:

*1.* Hakuna tuhuma itakayowekwa kwenye ukurasa wa tawi kabla mtuhumiwa hajapigiwa simu na mjumbe mmoja hajafika eneo la tukio. Habari ikichelewa, ichelewe.

*2.* Tukikosea, sahihisho litatoka siku hiyo hiyo, kwenye kila grupu tulilopeleka kosa. Status peke yake haitoshi.

*3.* Picha ya mgonjwa au ya mtoto haitatumwa bila ridhaa yake au ya mzazi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabla ya sheria upo utu.

*4.* Ukurasa utasimamiwa na watu wawili, kila mmoja na uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yake. Nywila haiazimwi.

*5.* Kila mwenye simu asomewe kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo.

Wapo waliosema mkutanoni kwamba wenzetu wa vyama vingine wataitumia radhi hii kutuchapa. Huenda. Lakini skrinishoti wanayo tayari. Wasichokuwa nacho mpaka leo ni neno letu wenyewe.

Neno lenyewe ni hili, na tunaomba mlisambaze kwa bidii ile ile mliyoisambaza ile picha:

*SAHIHISHO: Muuguzi wa zahanati yetu hakutoroka kazini. Alikuwa anamsindikiza mama mjamzito hospitali ya wilaya, na tangazo aliliacha dirishani. Tawi lilichapisha bila kuuliza. Tunamwomba radhi yeye na familia yake.*

Kikao cha dawa kitaitishwa upya. Safari hii tutakwenda na orodha ya dawa zilizokosekana, iliyohakikiwa zahanati.



_Imetolewa na Sekretarieti ya Tawi. Mwenye simu janja amsomee jirani asiye nayo._