Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Leo tunaongea juu ya usonji.

Je, mtoto wako amefikisha mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina? Ana mwaka mmoja na nusu na haonyeshi kitu kwa kidole? Au alikuwa na maneno, yakapotea? Usingoje. Mpeleke hospitali apimwe masikio na makuzi yake.

Usonji si laana wala uchawi. Hauletwi na chanjo wala malezi mabaya. Hauna dawa ya kuuponya, lakini mtoto hujifunza.

Sisi watoa tiba huketi chini na mtoto, tukacheza na kile anachokipenda. Nawe fanya hivyo nyumbani. Akikuvuta mkono akitaka maji, sema "maji", ngoja kidogo akuangalie, kisha mpe. Rudia kila siku. Saa moja kwetu kwa wiki haitoshi. Mwalimu wake mkuu ni wewe.

Kuhusu shule, uliza ofisi ya elimu kituo cha EARC kilicho karibu. Vituo hivi vya kupima watoto vilianza Kenya mwaka 1984.

Usimfiche mtoto. Kwaheri kwa leo.