Mita ya Umeme ni Amana ya Nyumba

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba

Nyumba za visiwani zilijengwa kwa kuchunga sitara. Mgeni hupiga hodi, hukaribishwa barazani, na mambo ya ndani hubaki ndani. Lakini ukutani, pembezoni mwa mlango huo huo, kimetundikwa chombo kidogo kisichopiga hodi, nacho ni mita ya umeme. Kwa miaka mingi kazi ya chombo hicho ilikuwa kuhesabu tu, na msomaji wa mita alifika mara moja kwa mwezi kunukuu tarakimu katika daftari lake. Mita za aina mpya, ambazo watu wamezoea kuziita mita janja, hufanya zaidi ya hayo. Huhesabu matumizi kila baada ya muda mfupi, hupeleka hesabu hiyo makao makuu bila ya mtu kufika nyumbani, na huweza kupokea amri ya kukata au kurejesha umeme kutoka mbali.

Manufaa ya mita hizo ni dhahiri. Shirika hupata hesabu sahihi, hitilafu hujulikana mapema, na mwananchi haletewi bili ya kukisia. Pamoja na manufaa hayo, kila chombo kinachosema na kusikia hapana budi kilindwe, kwani kinaweza kusema na asiyestahiki na kikasikia amri ya asiyehusika. Mazungumzo haya yamekusudiwa kueleza hatari tatu, yaani wizi wa umeme, kufichuka kwa siri za nyumba, na kuzimwa kwa umeme na mkono wa mbali. Kisha kuonesha wajibu wa mtumishi na wa mwananchi katika kuziepuka.

UFUNGUO WA SIRI

Inafaa kuanza na mita ambazo wananchi wamekwisha kuzizoea, nazo ni za malipo ya kabla, kama TUKUZA hapa Zanzibar na LUKU Tanzania Bara. Mfumo wa malipo ya kabla unaotumika zaidi duniani hutumia tokeni ya tarakimu 20. Tarakimu hizo hutungwa kwa ufunguo wa siri ulio maalumu kwa mita moja tu. Kwa sababu hiyo tokeni ya nyumba moja haifungui mita ya nyumba ya jirani, hata zikiwa za aina moja na zimetengenezwa siku moja.

Aidha, kila tokeni hubeba alama ya dakika iliyotolewa, na mita hukumbuka alama hiyo ili tokeni isitumike mara mbili. Dakika hizo zilihesabiwa tangu tarehe 1 Januari, 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba, 2024. Ndiyo sababu katika nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, wateja walitakiwa kabla ya siku hiyo kuingiza tarakimu za ziada katika mita zao. Tarakimu hizo zilianzisha hesabu mpya, na wakati huo huo zilibadilisha ufunguo wa siri. Wako waliodhani kuwa ilikuwa ni usumbufu wa bure. Ukweli ni kwamba lilikuwa ni zoezi la kubadilisha kufuli katika mamilioni ya nyumba, bila ya kung'oa mlango hata mmoja.

Funzo la zoezi hilo ni kuwa ulinzi wa mita haumo katika sanduku lake. Umo katika ufunguo, na kwa hivyo umo katika mikono ya wanaoutunza ufunguo.

WIZI WA UMEME

Ama kuhusu wizi, yapo mafunzo kutoka visiwa viwili vya mbali ambavyo vilitangulia kufunga mita janja.

Kisiwa cha kwanza ni Puerto Rico, katika Bahari ya Karibi. Mwaka 2009 shirika la umeme la huko liligundua wizi mkubwa wa umeme, likaomba msaada wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI. Kwa mujibu wa taarifa ya wapelelezi hao ya mwaka 2010, ambayo ilijulikana kwa umma mwaka 2012, waliotuhumiwa kuvuruga mita walikuwa ni watu waliopata kufanya kazi kwa mtengenezaji wa mita na wafanyakazi wa shirika lenyewe. Mita huwa na kijitundu cha mwanga mbele yake, kilichowekwa ili fundi aweze kuzungumza nayo kwa kompyuta. Watu hao walitumia kijitundu hicho hicho, pamoja na kifaa cha bei ndogo na programu inayopatikana kwa urahisi, wakaiamuru mita ihesabu pungufu. Malipo yalikuwa baina ya dola 300 na 1,000 kwa mita ya nyumba, na kiasi cha dola 3,000 kwa mita ya biashara. Wengine hawakuhitaji hata kompyuta. Waliweka sumaku kali juu ya mita, nayo ikaacha kuhesabu huku umeme ukiendelea kutumika. Wapelelezi walikisia kuwa hasara ingeweza kufikia dola milioni 400 kwa mwaka.

Kisiwa cha pili ni Malta, katika Bahari ya Kati. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Serikali ya huko ilitangaza kuwa mita janja zipatazo 1,000 zilikuwa zimechezewa. Hapo pia uchunguzi ulielekea ndani, na baadhi ya wafanyakazi wa shirika la umeme walifikishwa mahakamani kwa kupokea rushwa ili kufunga mita hizo.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Katika visiwa vyote viwili hapakuhitajika bingwa wa hesabu kutoka ng'ambo kuuvunja ufunguo wa siri. Mlango ulifunguliwa na aliyekabidhiwa kuulinda. Na hasara ya wizi wa namna hiyo haimfiki aliyeiba. Humfika jirani yake mwaminifu, ambaye hulipia umeme wake na ule ulioibwa, au hukaa kizani kwa kuwa Shirika halikupata fedha za kubadilisha transfoma.

SIRI ZA NYUMBA

Hatari ya pili ni ya kimya zaidi, kwani aliyeibiwa huenda asijue kabisa kuwa kimepotea kitu.

Katika miaka ya 1980 mhandisi George Hart, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alibuni njia ya kutambua vyombo vilivyomo ndani ya nyumba kwa kuangalia waya mkuu wa umeme peke yake. Kila chombo huacha alama yake kinapowashwa na kinapozimwa: jokofu lina yake, pasi ina yake, pampu ya maji ina yake. Hart mwenyewe ndiye aliyetoa tahadhari mapema, katika makala ya mwaka 1989, kuwa njia hiyo ingeweza kutumiwa kuwachungulia watu majumbani mwao. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mnamo 2011, watafiti wa Münster, Ujerumani, waliichunguza mita moja ya nyumbani iliyokuwa ikipeleka vipimo kila baada ya sekunde 2. Walionesha kuwa vipimo hivyo vilitosha hata kutambua filamu inayotazamwa katika televisheni.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Mtu akiangalia vipimo vya kila nusu saa vya mtaa mmoja katika mwezi wa Ramadhani, ataona nyumba ipi iliwasha taa wakati wa daku na ipi haikuwasha. Ataona ni nyumba ipi ina mgonjwa asiyelala, na ni ipi ambayo wenyewe wamekwenda shamba au wamevuka Pemba kula Sikukuu, haina mtu hadi Jumatatu. Taarifa hiyo ikiwa kwa mhandisi anayepanga mzigo wa umeme ni msaada. Ikiwa kwa mwizi, ni mwaliko. Ikiwa kwa mwenye kupenda kupeleleza wenziwe, ni fitina.

Nchi kadhaa zimelazimika kulitazama suala hili kisheria. Mwezi wa Aprili 2009 Baraza la Seneti la Uholanzi lilikataa kupitisha mswada ambao ungemlazimisha kila mwenye nyumba kukubali mita janja, kwa sababu faragha ya nyumba haikuwa imehifadhiwa ipasavyo, na baadaye sheria ilirekebishwa ili kumpa mwananchi hiari. Nchini Marekani, mwezi wa Agosti 2018, mahakama ya rufaa ilitoa hukumu katika shauri la mji wa Naperville, ambako mita zilihesabu kila dakika 15. Mahakama ilisema kuwa kukusanya vipimo hivyo ni sawa na upekuzi wa nyumba. Hata hivyo iliona kuwa upekuzi huo ulikuwa wa haki kwa kuwa ulifanywa kwa ajili ya kuendesha umeme, si kwa kuwashitaki watu. Na ikatanabahisha kuwa hukumu ingeweza kuwa nyengine iwapo vipimo vingechukuliwa kwa karibu zaidi au kupatikana kwa wepesi na polisi.

Kwa upande wa Zanzibar, msingi upo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, familia yake na maskani yake. Mita ya umeme, ijapokuwa ni mali ya Shirika, imo katika maskani hayo, na inayoyaona ni ya maskani hayo.

MKONO WA MBALI

Hatari ya tatu inatokana na ile amri ya kukata umeme. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Ross Anderson na Shailendra Fuloria, waliuliza suali moja jepesi: swichi ya kuzimia ikiwekwa katika kila nyumba, na zote zikitii amri ya mahali pamoja, ni nani anayeishika? Jawabu ya kutisha ilionekana kwa njia nyengine tarehe 23 Disemba, 2015, nchini Ukraine. Siku hiyo wavamizi waliingia katika kompyuta za makampuni ya kusambaza umeme, wakafungua swichi za vituo kutoka mbali, na wateja wapatao 225,000 wakakaa bila ya umeme kwa saa kadhaa. Huko hazikuguswa mita za nyumba, lakini njia ni ile ile: anayekamata mahali pa kutolea amri huwa amekamata taa za watu wote.

Wananchi wa Unguja hawahitaji kuelezwa maana ya kiza. Mwaka 2008 waya wa baharini ulipopata hitilafu kisiwa kilikaa bila ya umeme wa gridi kwa karibu mwezi mzima, na hitilafu nyengine ya Disemba 2009 iliendelea hadi Machi 2010. Maji yalikatika kwa kuwa pampu zilisimama, hoteli ziliteketeza fedha kwa dizeli, na wanafunzi walisoma kwa chemli. Hizo zilikuwa ni hitilafu za mitambo, hapakuwa na adui. Lakini kisiwa kilichokwisha kuonja shida hiyo kina kila sababu ya kuhakikisha kuwa haiji tena kwa mkono wa mtu.

WAJIBU WA MTUMISHI NA WA MWANANCHI

Kwa mtumishi wa Serikali, na hasa mwenye dhamana ya umeme, wajibu ni kuilinda amana hiyo kuliko anavyoilinda mali yake. Neno la siri la kompyuta halikopeshwi kwa mwenzake, hata wa meza moja. Vifaa vya kuzungumza na mita viandikwe katika daftari kila vinapotoka na kila vinaporudi. Mtumishi anapohamishwa au kustaafu, ruhusa zake zifungwe siku hiyo hiyo. Vipimo vya nyumba visichukuliwe zaidi ya vinavyohitajika, visihifadhiwe zaidi ya muda wake, na asipewe mtu yeyote, awe ndugu au kiongozi, bila ya idhini ya kisheria. Na anaponunuliwa mtambo mpya, asiulizwe muuzaji bei peke yake. Aulizwe pia nani atashika funguo, na zitabadilishwa vipi iwapo zitapotea.

Kwa mwananchi, wajibu ni mwepesi lakini ni mkubwa. Anayefika nyumbani na kudai kuwa ni fundi wa mita aombwe kitambulisho, na pakiwa na shaka apelekwe kwa Sheha kabla ya kuruhusiwa kuigusa. Lakiri ya mita itazamwe mara kwa mara, na ikionekana imekatwa Shirika lipewe taarifa mapema, kabla ya lawama kumwangukia mwenye nyumba. Anayeahidi kuifanya mita "ile kidogo" kwa ujira mdogo akataliwe, kwani aliyeweza kuichezea mita kwa faida ya mwenye nyumba leo, anaweza kuichezea kwa hasara yake kesho. Na risiti za umeme zisitupwe ovyo, kwa kuwa zina namba ya mita na zinaeleza matumizi ya nyumba.

Ndugu Wananchi,

Mita ni chuma na plastiki. Haina imani wala khiana. Khiana iliyopatikana Puerto Rico na Malta ilitoka kwa watu, na uaminifu pia hutoka kwa watu. Mwenye nyumba anapokubali chombo hicho kitundikwe ukutani kwake huwa amemfungulia Shirika mlango ambao mgeni wa barazani hafunguliwi. Aliyefunguliwa mlango huo ahesabu umeme uliotumika, na mengine yote atakayoyaona ayaache humo ndani.