Kupima Hofu kwa Maswali Saba

Msikilizaji, mwaka 2020, UVIKO-19 ulipokuwa ukiua watu nchini Iran, watafiti walitunga dodoso fupi la kupima hofu ya ugonjwa huo. Sentensi saba tu. Kila moja unaipa namba, 1 hadi 5, kadiri unavyokubaliana nayo. Likajaribiwa kwa watu 717, na mwaka huohuo likatafsiriwa kwa Kiitaliano, Kituruki, Kiarabu na Kibangla.

Kutafsiri ni mwanzo tu. Sentensi mojawapo inasema mikono hunitoka jasho nikiufikiria ugonjwa huu. Sasa mtu wa Dhaka, Bangladesh, mwezi Mei, jasho linamtoka kutwa nzima. Akiipa 5, ni hofu au ni joto? Hutajua mpaka ukae naye, aisome, akueleze alivyoielewa. Kwangu mimi hatua hii inazidi zote kwa thamani, na ndiyo rahisi kurukwa watu wakiwa na haraka. Hesabu za kompyuta zifuate baadaye: je, maswali yote saba yanapima kitu kimoja? Na mtu akiulizwa tena baada ya wiki kadhaa, majibu yanakaribiana?

Toleo la Kibangla lilijibiwa na watu 8,550, kupitia intaneti. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini mama wa kijijini asiye na simu janja hayumo humo. Wizara ya afya inayotaka kumpelekea mshauri nasaha inapaswa kwanza kumsomea dodoso hilo mlangoni kwake, na kulithibitisha upya kwa njia hiyo.